Nani wa kwanza: nyumbani au jirani?

Vijana wenzangu, babu yangu ni wakili mstaafu. Kila Jumamosi baada ya jumuiya, wajane humletea kesi zao za mirathi, naye hachukui hata mia.

Mwaka mmoja ada yangu ilichelewa, nikarudishwa nyumbani. Nikamwambia kwa hasira, "Babu, mbona sisi unatusahau?" Akanyamaza kidogo. "Hapo nilikosa, mjukuu wangu. Nisamehe."

Mtakatifu Ivo, msimamizi wa mawakili, aliyefariki 1303, aliwatetea maskini bure. Ila yeye alikuwa padre, hakuwa na watoto wa kusomesha.

Siku hizi babu huniita nimwandikie barua za wale wajane. Nimeelewa: kinachoumiza familia si kumsaidia jirani, ni kuachwa nje ya msaada huo. Je, kwenu mnasaidia pamoja?