Adabu ya Kukosolewa

Fasihi ya Kiswahili ina hazina kubwa ya mafumbo, vijembe na masimango. Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana tungo na watu wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, wakati miji hiyo ikigombana kwa silaha na kwa beti pamoja. Na tangu hapo hadi kwenye kurasa za mashairi za magazeti yetu, ajuaye kushambulia hakukosa wa kumsifu. Kilichozungumzwa kwa uchache ni hali ya yule wa upande wa pili, aliyelengwa na akapatwa. Yeye ana wajibu gani? Akinyamaza, ataambiwa amekiri au amedharau. Akijitetea kwa ukali, ataambiwa kuwa ukweli umemchoma. Akijibu kwa upole, hawatakosekana wa kumwita mnafiki. Nataka kulitazama suala hili kwanza kutoka mahali ambapo wengi wetu wa visiwani na mwambao hatupafikirii tunapozungumza ushairi, nako ni Nkololo, kata ya wilaya ya Bariadi, katika nchi ya Wasukuma.

Nkololo ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe. Hadi mwaka 2012 Bariadi yote ilikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga; mwaka huo ndipo ulipoundwa mkoa wa Simiyu. Yamkini msomaji wa Unguja au Lamu ataona kuwa ushairi wa huko si ushairi, kwa kuwa hauna vina wala mizani za kwetu. Na aione hivyo akipenda, lakini asubiri kidogo. Mavuno yakisha, baina ya Juni na Agosti, huko kama kwingineko Usukumani huingia msimu wa mbina, yaani ngoma za mashindano. Vyama vyake vikubwa ni viwili, Bagika na Bagalu. Masimulizi ya wazee yanavirejesha kwa watu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, mafundi wa ngoma na wa dawa, waliobishana ni nani mbora wa mwenziwe. Wao walikufa, ubishi wao ukabaki, na hata leo watu huzaliwa ndani yake.

Utaratibu wa mashindano hayo ndio unaonivutia. Makundi mawili huingia uwanja mmoja na kucheza wakati mmoja, kila moja na manju wake na duara lake la watazamaji. Hakuna waamuzi waliokaa mezani na kalamu. Waamuzi ni watazamaji wenyewe, na hukumu yao huitoa kwa miguu: anayevutiwa na upande wa pili huondoka alipo akaenda huko, na kundi lililozungukwa na watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Kwa hiyo kila upande hutafuta cha kuwavuta watu. Kuna wanaocheza na nyoka, kuna wanaoleta fisi au vinyago vya kuchekesha, na hakuna anayeingia uwanjani bila ya dawa ya mvuto. Lakini roho ya shindano ni wimbo, na wimbo aghalabu humlenga manju wa upande wa pili: sauti yake, ubahili wake, nyumba yake, dawa yake iliyokwisha nguvu. Maneno hayo husemwa mbele yake, mchana, watu wakisikia na kucheka.

Tumtazame sasa huyo manju aliyesimangwa. Njia ya kwanza ni kuacha ngoma akaenda kupigana. Akifanya hivyo duara lake litabaki bila ya mwimbaji, na watu watahamia kule kunakoimbwa. Njia ya pili ni kusimama akaanza kujieleza: kwamba ubahili aliosingiziwa si wa kweli, kwamba nyumba yake ina bati, kwamba aliyetunga wimbo ule ana chuki naye ya siku nyingi. Pengine kila neno lake litakuwa la haki. Lakini nani ameacha shamba lake akaja uwanjani kusikiliza maelezo? Inabaki njia ya tatu, nayo ni kulichukua lile neno, kulipima, na kulirudisha ndani ya wimbo ulio bora kuliko ule wa kwanza. Hapo huonekana kuwa utulivu wa manju ni sehemu ya ufundi wake, kwa sababu mtu aliyeghadhibika hatungi. Koo lake hukaza, mdundo humponyoka, na maneno yamjiayo ni yaleyale ambayo kila mwenye hasira huyasema.

Visiwani tuna mfano wetu wa jambo hili, tena wa mtu ambaye jina lake halihitaji kuelezwa. Siti binti Saad alizaliwa Fumba katika ukoo uliotoka utumwani, akauza vyungu, akaja mjini, akapanda kwa sauti yake hadi akapelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Kupanda huko kuliwaudhi waliodhani kuwa mji ni wao. Wakamtungia maneno ya kumkumbusha kuwa ametoka shamba na kaniki yake, nguo ambayo wakati ule kila mtu alijua ilikuwa imevaliwa na nani, na kwamba bila ya sauti asingekuwa na chakula. Jawabu lake lilikuwa wimbo. Hakukana kuwa ametoka shamba, wala hakuisema sura ya mtu mwingine. Alisema, kwa maana, kwamba uzuri wa sura na nasaba si hoja, na kwamba aibu ya mtu ni kukosa akili. Waliomsimanga wakabaki na maneno yao mikononi, kwa kuwa silaha yao ilikuwa ni yeye kuionea haya asili yake, naye hakuionea haya. Wimbo wake uliendelea kuimbwa katika mji uleule.

Hata hivyo mifano hii miwili ina upungufu, na itakuwa si uadilifu kuuficha. Uwanja wa ngoma humpa ushindi anayependeza, na anayependeza si lazima awe na haki. Fisi aliyefungwa kamba anaweza kuwahamisha watu mia kwa dakika moja, na manju mwenye neno zito akabaki na watoto wawili na mbwa. Tena, manju na Siti walisimangwa na wapinzani. Tunajua mapema kuwa mpinzani hakuja kututengeneza. Swali gumu zaidi ni hili: itakuwaje ikiwa lawama, pamoja na ubaya wa nia ya aliyeileta, ni ya kweli?

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, analijibu katika *Ihya Ulumid-Din* anapotaja njia za mtu kuzijua aibu za nafsi yake. Anazitaja nne: kukaa mbele ya sheikh mwenye basira, kuwa na rafiki mkweli, kuzisikiliza ndimi za maadui, na kuchanganyika na watu. Ile ya tatu ndiyo yenye uchungu. Anaona kuwa huenda mtu akanufaika zaidi na adui anayemtajia aibu zake kuliko rafiki anayemsifu na kuzifinika. Fikra hii inavunja kinga tunayoipenda kuliko zote, ile ya kuuliza "nani kasema?" kabla ya kuuliza "kasema nini?" Nia ya msemaji ni mzigo wake mwenyewe, atauchukua. Neno lake, likiwa la kweli, ni la kwetu, hata kama limekuja na matusi. Ndivyo pia ninavyoielewa ile amri maarufu ya Sura ya Fussilat ya kuliondosha ovu kwa lililo bora zaidi. Bora zaidi haina maana ya laini zaidi tu. Wakati mwingine lililo bora ni kusahihisha kitendo, na maneno yakapungua.

Hapa na tupite haraka kwenye ugomvi wa washairi wenyewe, maana unajulikana. Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe na kwa hivyo jirani wa Wasukuma, alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, wengi wa wenye mapokeo walisema kuwa yale hayakuwa mashairi. Kabla ya hapo riwaya yake *Rosa Mistika* ya 1971 ilikuwa imezua mzozo hata ikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Kutoka kwake yakaja *Karibu Ndani* mwaka 1988 na *Dhifa* mwaka 2008. Mimi ni mpenzi wa vina na sitaficha kuwa baadhi ya hoja za wakosoaji wake naziona nzito hadi leo. Lakini tukiulizwa nani katika ugomvi ule alifuata kanuni ya uwanja wa mbina, yaani nani alijibu kwa kutunga, itatubidi tumtaje yeye.

Niliyoyasema mpaka hapa ni ya watu waliosimangwa kwa sauti zao, sura zao au tungo zao. Heshima ya mtu iliguswa, damu haikumwagika. Nchi hiyohiyo ya Usukuma, hata hivyo, ina kisa kingine ambacho ndani yake kukosolewa kulikuwa kwa jambo la kufa na kupona, na aliyekosolewa alikuwa mtu wetu.

Katikati ya miaka ya 1970 mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi yaliongezeka katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na waliouawa wengi wao walikuwa vikongwe wa kike. Serikali iliamua kuyakomesha. Vyombo vya usalama vikakamata watu, na katika kuwahoji vikawatesa. Baadhi ya waliokamatwa wakafa mikononi mwa waliowahoji. Habari ziliposhika njia, Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi, aliyelelewa na kusomeshwa Zanzibar. Hakuwamo katika vyumba vile. Alikuwa na kila alichohitaji mtu wa kujitetea: umbali, maafisa wa chini yake wa kuwatupia mzigo, na lengo la operesheni ambalo lilikuwa jema, kwani nani angetetea mauaji ya vikongwe? Mwezi Januari 1977 alijiuzulu. Wakajiuzulu pia Peter Siyovelwa, waziri mwenziwe, na wakuu wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga, Peter Kisumo na Marco Mabawa.

Wengi wanapokisimulia kisa hiki hukimbilia mwisho wake: Mwinyi akapelekwa Misri kuwa balozi, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano hadi 1995, akafariki Februari 2024 akiwa mzee aliyependwa. Husimuliwa kama hekaya ya mtu aliyeinama akainuliwa. Mimi sipendi usimulizi huo. Unafanya kujiuzulu kuonekane kama biashara iliyolipa, na mwaka 1977 hakuna aliyejua kuwa italipa. Kitendo kile kipimwe kwa siku yake. Siku hiyo kilikuwa na maana moja: kwamba lawama imefika mahali inapostahili kufika, na kwamba sentensi ya kweli kabisa, "sikuwapo," haikuwa jawabu la kutosha. Ukweli wa aina hiyo ndio unaotudanganya zaidi tunapokosolewa. Tunashika kipande cha hoja ambacho tuna haki nacho, tunakipigania kwa bidii, na wakati wote huo kile kipande kikubwa ambacho hatuna haki nacho kinakaa pembeni bila ya mtu kukigusa.

Kuna pingamizi ambalo sina budi kulikabili. Mtu anaweza kusema kuwa kuhimiza upole mbele ya lawama ni kuwasaidia wenye nguvu, kwa sababu wanaoambiwa "tulia" aghalabu ni wanyonge: mke mbele ya mume, mtumishi mbele ya tajiri, mtuhumiwa mbele ya askari. Pingamizi hili ni la haki. Mtu aliyekamatwa Shinyanga mwaka 1976 na kuambiwa kuwa ni muuaji hakuwa akikosolewa. Alikuwa akionewa, na hapana kitabu cha adabu kinachomtaka ajibu kwa upole. Ninachokisema mimi kinamhusu mtu mwenye uwanja, mwenye duara la watu wanaomsikiliza, mwenye cheo au kalamu au sauti. Kadiri uwanja wake ulivyo mpana, ndivyo deni lake la kusikiliza linavyokuwa zito. Elias Songoyi aliandika tasnifu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1988 juu ya waimbaji wawili, Kalikali wa Usukuma aliyeikosoa serikali na Mwinamila wa Unyamwezi aliyeisifu. Serikali yoyote ina uwanja mpana kuliko manju yeyote, na haiwezi kusema kuwa wimbo wa Kalikali umeizidi nguvu.

Na hata kujiuzulu kule, kwa heshima yake yote, kulijibu upande mmoja tu. Taifa lilijibiwa. Jamaa wa waliokufa katika mahojiano yale walikuwa bado wanangoja, na jawabu lao halikuwa la mawaziri kulitoa. Lilikuwa la mahakama. Baadhi ya maafisa walishtakiwa na kuhukumiwa, miaka kadhaa baada ya mawaziri kuondoka ofisini.