Je, kupenda kitabu ni kumkubali aliyekiandika?

Ndugu msomaji, mtu aliyeishi na vitabu tangu utotoni akiulizwa anavyovipenda, mara nyingi hutaja hadithi za kubuni. Mimi nikiulizwa hutaja vitabu vya habari za kweli: wasifu, safari na tarikh. Na kila nikivitaja vitatu vilivyo mbele kuliko vyote, hurejeshewa suali moja: vipi mwalimu wa dini apende maandishi ya watu kama hawa? Suali hili si la kupuuzwa, kwani ndani yake mna mas-ala ya haki na uadilifu.

Cha mwanzo hakina mgogoro. Ni kile cha Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912-1982) kuhusu wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki. Sheikh huyu, aliyekuwa Kadhi Zanzibar na kisha Kadhi Mkuu wa Kenya, ndiye aliyetuachia tafsiri ya Qur'ani Takatifu iliyotoka 1969. Katika kitabu chake hiki anaeleza nani alisoma kwa nani. Ukikisoma unafahamu kuwa elimu ya Sayyid Ahmad bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija, na ya Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, ilipita mikononi mwa walimu wengi kabla ya kutufikia sisi.

Cha pili ni kumbukumbu za Sayyida Salme binti Said, zilizochapwa Ujerumani 1886. Alizaliwa Beit el Mtoni 1844, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Zama zile mabinti wa kasri walifundishwa kusoma Msahafu lakini si kuandika. Yeye akajifunza khati kwa siri, akiiga herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 alitoroka Unguja, na 1867 huko Aden akabatizwa na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Uchungu wa jambo hilo kwa Waislamu wa visiwa hivi hauhitaji maelezo.

Cha tatu ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip, aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili kabla ya kufariki Mji Mkongwe 1905. Ni miongoni mwa wasifu wa mwanzo kabisa ambao mtu wa pwani ameuandika juu ya nafsi yake, na lugha yake ni ya mtu anayezungumza barazani, haina mapambo. Lakini mzee huyu alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa.

Hapa ndipo watu wanapogawanyika. Wapo wanaosema vitabu hivi vitupwe, kwani mmoja aliitoka dini na mwengine aliuza binaadamu. Wapo wanaosema hao ni wazee wetu, wasisemwe, na habari za utumwa ni uzushi wa wamishionari. Makundi haya yanaonekana kama yanagombana, lakini yamekubaliana katika jambo moja: yote mawili hayataki kusoma.

Tuchukue hilo la uzushi. Tippu Tip hakuwa mmishionari. Anasimulia mwenyewe jinsi alivyompiga Nsama wa Itabwa, na pembe na mateka aliowapata. Anasimulia alivyomwambia mtawala wa Utetera kuwa wao ni ndugu kwa upande wa bibi yake, hata mzee yule akamwachia utawala. Hasimulii kwa majuto, bali kama mtu anayeonesha werevu wake. Nani basi alimtia maneno hayo kinywani? Mwenyezi Mungu (SW) ametuamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 135, tusimamishe uadilifu na tutoe ushahidi japokuwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Kitabu kama hiki ni ushahidi wa namna hiyo, hata kama mwenyewe hakukusudia.

Na huyo bibi? Maulamaa wa hadithi walishatufundisha njia. Imam Bukhari alipokea riwaya kutoka kwa Imran bin Hittan, mtu wa upande wa Khawarij. Hakuipenda itikadi yake, lakini aliupokea ukweli wake. Na walio wengi katika wataalamu wa fani hii waliweka tahadhari: msimulizi mwenye upande wake hapokelewi katika lile linalonusuru upande huo. Basi Bibi Salme anapoeleza kasri, mavazi, harusi na ugomvi wa ndugu zake, tunamsikiliza, kwani aliyaona. Anapoutetea utumwa na kudai kuwa watumwa wa kwetu walikuwa na maisha mepesi, tukumbuke kuwa huyo ni binti wa mwenye watumwa.

Kadhi hahukumu kwa maneno ya upande mmoja. Upande wa pili nao una shahidi wake. Katika kitabu Ten Africans, alichokihariri Margery Perham na kuchapwa London 1936, mna maisha ya Rashid bin Hassani, aliyetekwa bara akiwa mtoto na kuletwa kuuzwa Unguja. Anayempenda Bibi Salme bila ya kumsoma Rashid, huyo amependa kasri tu.

Kwa nini nayasema haya kutoka Kendwa? Kwa sababu soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, na hukumu ya utumwa ikafutwa Unguja na Pemba 1897, lakini watoto wanaokaa kwenye jamvi moja mbele yangu ni wajukuu wa pande zote. Yupo wa aliyenunua na yupo wa aliyenunuliwa, na wengi wana damu ya wote wawili. Nikiwasomesha kitabu kimoja tu, nimemdhulumu mmoja wao. Na ugonjwa huu haukuishia kwenye utumwa. Vitabu vya Mapinduzi ya 1964 navyo husomwa hivyo hivyo: kila nyumba ina chake, na cha jirani huitwa uongo kabla ya kufunguliwa.

Kukipenda kitabu cha kweli si kumkubali aliyekiandika, wala si kumtetea. Ni kukipa haki yake: kukisoma chote, kukipima kwa vyengine, na kukiachia kitoe ushahidi hata pale kinapotugusa sisi wenyewe. Kitabu kisichowahi kutuudhi hata kwa ukurasa mmoja, tujiulize tunakipendea nini, ukweli wake au sifa zetu zilizomo ndani yake?

Wabillahi tawfiq.