Dawa Isiyokosea Kamwe

Mwezi wa Mei 1964, mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, uliangukia mikononi mwa waasi wa Gaston Soumialot, wale ambao wazee bado wanawaita Simba. Wengi walikuwa vijana wa tambarare ya Ruzizi na wa milimani, na wako waliokwenda vitani na panga na mkuki. Hawakuwa wajinga. Waliambiwa kwamba dawa ya mganga itageuza risasi za serikali kuwa maji, nao wakasadiki. Nasimulia kisa chao kwa sababu mtego uliowanasa vijana wale bado umetegwa, na mimi na wewe tunapita njia hiyohiyo.

Dawa ilikuwa na miiko yake: mpiganaji asiibe, asimguse mwanamke, asiogope. Tazama hapo vizuri. Aliyerudi mzima alithibitisha kwamba dawa ni kali. Aliyeanguka alithibitisha kwamba ameiba, au amelala na mwanamke, au ameogopa. Na nani haogopi risasi zikianza kulia? Marehemu alibebeshwa kosa, mganga akabaki safi.

Mwanzoni mambo yaliwanyookea. Askari wengi wa serikali nao waliiamini dawa hiyo, hivyo waliposikia kilio cha vita cha Simba, “Mulele mai!”, walitupa bunduki wakakimbia. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza iliyopuuzwa: kilichowalinda Simba ni hofu ya adui, wala si maji ya mganga. Agosti mwaka huohuo waliushambulia mji wa Bukavu, wakakutana na askari wa Kanali Léonard Mulamba ambao hawakukimbia. Simba walirudishwa nyuma, wakaacha maiti zao. Hata hivyo imani haikutikisika.

Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma akafika Kibamba, pwani ya Fizi, kuwasaidia waasi. Kamanda mmoja, Lambert, alimweleza kwa uchangamfu kwamba ndege za vita si kitu, maana risasi zimempata mara kadhaa zikaanguka chini bila kumdhuru. Che alidhani ni utani, kumbe mwenzake anasema kwa moyo wote.

Tarehe 29 Juni waasi walishambulia kambi ya Force Bendera wakashindwa vibaya. Safari hii wapiganaji walilalamika waziwazi kwamba dawa haikufaa kitu. Je, waliiacha? La. Walimwondoa mganga, wakaanza kutafuta mwingine aliye hodari zaidi. Kwangu mimi, hiyo ndiyo dalili kubwa kuliko zote, na ndipo panaponiumiza.

Dalili nyingine ilikuwa ya wakubwa. Laurent-Désiré Kabila, mmoja wa viongozi wa waasi, alifika Kibamba mwezi wa Julai, akakaa siku chache, akavuka ziwa kurudi Kigoma. Waliobaki milimani na dawa mwilini ni vijana walewale. Kufikia Novemba jeshi la serikali na mamluki walikuwa wameshaichukua miji ya Baraka na Fizi, na Che mwenyewe akaondoka kwa mashua usiku.

Leo vijana wetu wanaangalia vita kwenye simu. Katika Armored Trooper Votoms, katuni ya Kijapani ya mwaka 1983, askari wa kawaida hupigana ndani ya roboti za chuma, lakini chuma chenyewe ni chembamba: risasi hupenya, na aliyemo hufa. Waliotunga hadithi ya kubuni wameusema ukweli ambao wanaowaandikisha watoto wetu wanauficha.

Ndugu zangu, tusiwacheke Simba. Tambarare ya Ruzizi ingali na makundi yenye silaha, na kuna wapiganaji wanaochanjwa na kunyunyiziwa maji kabla ya mapigano. Hata asiyeshika bunduki huuziwa kinga: ya biashara, ya ndoa, ya ugonjwa. Mzazi, keti na kijana wako kabla mwingine hajaketi naye. Mfundishe kumuuliza yeyote anayemwahidi kinga: “Wewe utatangulia mbele yangu? Wako wapi uliowapa jana? Na ikishindikana, kosa litakuwa la nani?” Jibu likiwa “litakuwa lako,” basi asiipokee dawa hiyo, hata akipewa bure.