PUMZIKO LA JANGWANI NI LA NANI?

Maandiko: Marko 6:30–46, Kumbukumbu la Torati 5:12–15



Jumapili nilipotangaza kwamba nitahubiri juu ya kupumzika, niliona wengine wakitabasamu. Najua kwa nini. Hapa kwetu, kuanzia Migori mpaka Homa Bay, mtu akisema amepumzika tunamuuliza kama ni mgonjwa. Mama wa omena anaamka kabla ya jogoo. Kijana wa Macalder anashuka shimoni kutafuta dhahabu. Mkata miwa wa Awendo hajui Jumamosi wala Jumapili. Kupumzika tumewaachia wenye pesa.

Basi tuanze na hao wenye pesa. Kuna watu duniani wanaolipa pesa nyingi sana ili wakae jangwani siku mbili tatu. Dubai kuna hoteli inaitwa Al Maha, ilifunguliwa mwaka wa 1999 katikati ya mchanga, ndani ya hifadhi ya wanyama. Mgeni anaamka, anawaona choroa weupe wakipita mbele ya mlango wake. Kila nyumba ya wageni ina bwawa lake la kuogelea. Abu Dhabi nako kuna Qasr Al Sarab, ukingoni mwa jangwa kubwa linaloitwa Rub' al Khali, maana yake Robo Tupu. Watu wanapanda ngamia, wanakula vizuri, jioni wanatazama jua likizama nyuma ya vilima vya mchanga.

Jiulize, wananunua nini hasa? Mchanga si wa kununuliwa. Wananunua kimya. Wananunua mahali ambapo hakuna anayewaita. Usicheke, ndugu. Hata wewe ungepata siku moja bila kuitwa, ungeshukuru.

Sikuja kuwalaani hao wageni. Kupumzika si dhambi, na jangwa si mali ya shetani. Ninataka tuulize swali moja tu: mbele za Mungu, pumziko la jangwani ni la nani?

1. MUNGU NDIYE ALIYEANZA

Kabla hakujawa na hoteli yoyote, Mungu alikuwa akiwapokea waliochoka huko jangwani. Soma 1 Wafalme 19. Eliya amemkimbia Yezebeli, ametembea mwendo wa siku moja nyikani, ameketi chini ya mretemu na kuomba afe. Mtumishi wa Mungu kabisa, aliyeshusha moto Karmeli! Sasa angalia Mungu alivyomhudumia. Hakumkemea. Hakumwambia afunge na kuomba. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akamkuta mkate juu ya makaa na chombo cha maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili. Ndipo Eliya akapata nguvu za kwenda siku 40 hadi Horebu.

Kuna mtu hapa anadhani amepungukiwa na imani, kumbe amepungukiwa na usingizi. Mwambie jirani yako: lala kidogo, Mungu hajakuacha.

Na Yesu alifanya vivyo hivyo. Katika Marko 6 mitume wamerudi kutoka misheni, wamejaa ushuhuda, lakini watu ni wengi mpaka hawapati nafasi hata ya kula. Yesu hakuwaambia waongeze bidii. Aliwaita waende faraghani, mahali pasipo na watu, wapumzike. Mwaliko ule ulitoka kinywani mwa Bwana mwenyewe, na haukuwa na bei.

2. KILA KITANDA KINA ALIYEKITANDIKA

Sasa turudi kwa ile hoteli. Mgeni anapoingia chumbani, shuka zimenyooshwa, mchanga umefagiwa, maji ya baridi yako mezani. Nani amefanya? Mara nyingi ni mtoto wa mtu kutoka mbali: Ufilipino, Nepal, Uganda, na Kenya hii yetu. Jua la huko si mchezo. Serikali ya Falme za Kiarabu inakataza kazi za nje juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa mchana, tangu tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba kila mwaka. Nchi ikiandika sheria ya kuwakinga watu na jua, ujue jua hilo linaumiza.

Nilikuwa na semina ya wamama upande wa Homa Bay, na mama mmoja akanionyesha simu yake kwa furaha. Binti yake anafanya kazi katika hoteli ya jangwani huko Ghuba. Kwenye picha kulikuwa na bwawa la buluu katikati ya mchanga mwekundu. Mama akasema, "Pasta, ona mahali nyathiwa anaishi!" Nikamuuliza, "Na yeye huogelea?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Hapana, yeye hutandika vitanda." Nikauliza, "Hupumzika siku gani?" Akajibu, "Anapewa siku moja kwa wiki. Hiyo ndiyo siku sisi wote humpigia."

Wapendwa, jibu hilo halijanitoka. Kwa sababu nilimuuliza wanampigia kumwambia nini. Karo ya mdogo wake. Mabati ya nyumba. Mazishi ya mjomba. Shamba linalouzwa. Mwajiri amempa mtoto siku moja, na sisi tumeichukua kwa simu. Tunamlaumu tajiri wa huko kwamba hana huruma, na huenda ni kweli kwa wengine, lakini msichana huyo ana mabosi wawili, na mmoja anaishi hapa kwetu.

Kumbuka Hajiri katika Mwanzo 16. Alikuwa mjakazi katika nyumba ya watu wa imani. Nyumba ya Abrahamu! Akateswa mpaka akakimbilia jangwani, peke yake, na mimba. Hapo kando ya chemchemi malaika wa Bwana alimwita kwa jina na kumuuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Katika sura hiyo Abramu na Sarai wanamwita mjakazi tu. Aliyemwita Hajiri ni mbingu. Naye akampa Mungu jina: Mungu anayeona. Kama una binti, dada au mke huko jangwani leo, shika hilo. Nyasaye anamwona. Lakini pia anaona ujumbe unaomtumia.

3. SABATO INAANZIA KWA MJAKAZI

Soma Kumbukumbu la Torati 5. Mungu anapoamuru siku ya kupumzika anataja orodha: wewe, mwanao, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, ng'ombe, punda, hata mgeni aliye kwako. Kisha anaeleza kusudi: mtumwa na mjakazi wapumzike sawasawa na wewe. Sababu? Kumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Maana yake, kama wewe umepumzika na msichana wako wa kazi hajapumzika, mbele za Mungu nyumba hiyo haijashika Sabato.

Nasikia mtu akisema, "Pasta, sasa umeingia jikoni kwangu." Ndiyo, nimeingia. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007, kifungu cha 27, inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kifungu cha 28 kinampa likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, na malipo kamili. Serikali imekubaliana na Musa! Wewe uliyeokoka na kujazwa Roho utakuwa nyuma ya serikali?

Tunapenda kufunga. Isaya 58 inasema Mungu alikataa mfungo wa watu kwa sababu siku ile ile ya kufunga walikuwa wakiwakandamiza wafanyakazi wao. Unaweza kunena kwa lugha hapa madhabahuni huku msichana wa kazi anakosa ibada mwaka mzima kwa sababu yako.

4. MWENYEJI ANAYEBAKI NYUMA

Rudi Marko 6. Wale mitume walifika mahali pa kupumzika wakakuta umati umewatangulia kwa miguu. Yesu aliwahurumia, akawafundisha, akawaketisha kwenye majani mabichi, akawalisha elfu tano. Wengi tunaishia hapo. Soma mstari wa 45. Baada ya kazi hiyo yote, Yesu aliwalazimisha wanafunzi waingie chomboni watangulie ng'ambo, wakati yeye mwenyewe anauaga umati. Bosi alibaki kumaliza kazi, wafanyakazi wakatangulia. Kisha yeye ndipo akapanda mlimani kuomba.

Huyo ndiye Bwana wetu. Hotelini mgeni huketi na mhudumu husimama. Kwa Yesu, mwenye nyumba ndiye anayesimama. Ndiyo maana mtu aliyelemewa anaweza kwenda kwake bila kuulizwa ana kiasi gani kwenye M-Pesa.

TUFANYE NINI?

Kwanza, wiki hii mpigie mtoto wako aliye mbali, na usimwombe kitu. Muulize amekula nini. Muulize analala saa ngapi. Omba naye, kata simu.

Pili, mwenye mfanyakazi nyumbani, kaa naye chini mkubaliane siku yake, na mwache aitumie anavyotaka.

Tatu, mkutano wetu wa Desemba. Kila mwaka kuna wamama wanaopika siku zote na kurudi nyumbani bila kusikia hata hubiri moja. Nimeongea na wazee na tumekubaliana: mwaka huu jikoni kutakuwa na zamu, na wanaume watakuwa kwenye zamu hizo. Orodha iko kwa katibu. Jina langu ni la kwanza, siku ya Alhamisi, kuosha sufuria.

Nne, vijana mnaotaka kwenda Ghuba: msiende gizani. Hakikisheni wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, someni mkataba mpaka mwisho, mwangalie kama siku ya kupumzika imeandikwa, na mwache nakala ya pasipoti nyumbani.

SALA

Baba, wewe uliyemlaza Eliya ukamlisha, walaze na waliochoka kati yetu. Uliyemwona Hajiri, waone watoto wetu walio jangwani wakitandika vitanda vya wengine. Utuondolee ugumu wa moyo, tusiwe Misri kwa mtu yeyote. Siku ya mapumziko uliyotupa, tusiile peke yetu. Katika jina la Yesu. Amina.

Swali la vikundi vya nyumbani: Ni nani hufanya kazi ili wewe upumzike, naye atapumzika lini?