Mbegu za Kishona-nguo

Mchunga ng'ombe wa Maganzo arudipo jioni, mbwa wake amejaa mbegu za kishona-nguo. Kila mbegu ina ncha mbili au tatu zenye kulabu, nazo hushika manyoya. Bwana wake humkalisha, akazitoa moja moja na kuzitupa motoni. Mbwa hulia, lakini hakimbii. Zikiachwa, manyoya husokotana na ngozi huumia. Tena zikianguka uani, huota. Ndivyo ilivyo chuki tuliyoiokota njiani. Mlango wa 12 wa Waebrania watuonya tuivue dhambi ing'ang'aniayo. Ndugu, usilale nayo. Umwendee Mwokozi jioni hii, utulie mikononi mwake ijapokuwa yauma, kabla chuki haijaota kati ya watoto wako. Amin.