Rehoboti, Kisima cha Tatu

Katika sura ya 26 ya kitabu cha Mwanzo kuna jina ambalo wasomaji wengi hulipita mbio, kwa kuwa halina vita, wala mwujiza, wala malaika. Jina hilo ni Rehoboti, nalo ni jina la kisima. Tungependa kukaa kidogo kando ya kisima hicho, kwani habari yake hutolewa mara nyingi kama dawa ya kila ugomvi wa shamba na wa mpaka. Nasi twaona kwamba dawa hiyo hupewa mara nyingi mgonjwa ambaye haimfai.

Kwanza habari yenyewe. Njaa iliingia nchini, Isaka mwana wa Abrahamu akahamia Gerari, katika nchi ya Wafilisti, kwa mfalme Abimeleki. Akalima, akavuna mia kwa moja. Kondoo na ng'ombe na watumishi wakaongezeka, hata wenyeji wakamwonea kijicho. Visima vilivyochimbwa zamani na watumishi wa Abrahamu walikuwa wamevifukia kwa udongo. Katika nchi kavu kama ile, mtu afukiaye kisima ajinyima maji hata yeye mwenyewe, lakini kijicho hakihesabu hasara. Mwishowe Abimeleki akamwambia Isaka aondoke kwao, kwa sababu amewapita kwa nguvu. Tulishike neno hilo la nguvu, maana tutalihitaji mbele.

Isaka akashuka bondeni kwa Gerari, akapiga hema. Akafukua visima vya baba yake, akavipa tena majina yaleyale ya kwanza. Kisha watumishi wake wakachimba kingine, wakakuta maji hai, yaani maji yanayobubujika, si maji ya mvua yaliyotuama shimoni. Wachungaji wa Gerari wakaja wakidai kwamba maji ni yao. Isaka akakiita kisima kile Eseki, maana yake Ugomvi. Wakachimba cha pili, nacho kikagombewa, akakiita Sitna. Jina hili ni baya kuliko la kwanza. Mzizi wake ndio mzizi wa jina la Shetani, yaani mpinzani, mshtaki; na katika kitabu cha Esdra neno hilohilo ni barua ya mashtaka iliyoandikwa juu ya watu wa Yuda na Yeruzalemu. Ndivyo yaendavyo hata kwetu: kwenye kisima cha kwanza watu wanapigiana kelele, kwenye cha pili wanaandikiana barua. Isaka akaondoka tena, akachimba cha tatu, na hicho hakuna aliyekigombea. Akakiita Rehoboti, akisema kwamba sasa Bwana amewapa nafasi, nao watazidi katika nchi.

Mtakatifu Yeronimo, alipoifasiri Biblia kwa Kilatini, hakuyaacha majina haya katika Kiebrania, bali aliyafasiri nayo: la kwanza Calumnia, masingizio, la pili Inimicitiae, uadui, la tatu Latitudo, upana. Kwa Kiebrania, rehobu ni uwanja ulio karibu na mlango wa mji, wazee wanapokutana na watu kupitapita. Hata leo Mayahudi huita njia ya mjini kwa neno hilo. Rehoboti ni wingi wake. Basi upana huo si wa jangwa tupu lisilo na mtu. Ni upana wa mahali ambapo watu wengi hupishana bila kusukumana.

Sasa lipo swali. Isaka alikuwa na haki: waliochimba ni watu wake. Je, mtu anayeacha haki yake amefanya vema, au ameogopa? Wengi hujibu upesi: Isaka ni mpole, mfuateni. Na hapo ndipo tunapotaka kusimama. Mama mjane amenyang'anywa shamba na ndugu za marehemu mume wake. Anakuja kulia mbele ya wakubwa, nao wanamwambia: Mama, uwe kama Isaka, Mungu atakupa mahali pengine. Pengine wapi? Isaka alikuwa na watumishi wa kuchimba, na makundi, na punda wa kubeba hema. Mfalme mwenyewe alikiri nguvu zake. Angeweza kupigana, na labda angeshinda. Aliacha kitu kilichokuwamo mkononi mwake. Mama huyu haachi kitu, ananyang'anywa. Kumtaka awe Isaka ni kumtwisha mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Maandiko yenyewe yanatuzuia tusifanye hivyo. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21, Naboti wa Yezraeli ana shamba la mizabibu karibu na jumba la mfalme Akabu. Mfalme analitaka, anaahidi shamba lililo bora zaidi, au fedha. Naboti anakataa: ni urithi wa baba zake. Yezabeli analeta mashahidi wa uwongo, Naboti anapigwa mawe hata kufa. Je, Mungu amlaumu Naboti kwa kuwa hakwenda kulima mahali pengine? La. Anamtuma nabii Elia kwa mfalme. Kumbe Biblia moja inamsifu mtu aliyeondoka, na inamtetea mtu aliyekataa kuondoka. Tofauti yao haimo katika upole wa moyo. Imo katika kujua nani kati ya wagombanao ana nguvu. Kwa hiyo Rehoboti ni neno la kuulizwa kwanza chifu, na kaka mkubwa aliyegawa urithi, na mwenye fedha aliye na rafiki ofisini. Na tusijitoe sisi wa misioni, pale parokia ilipo na shamba kubwa na majirani wanalima pembeni ya njia.

Jina hili limependwa sana na watu waliofika mahali pao. Mwaka 1890 Mayahudi waliotoka Ulaya walianza kijiji huko Palestina, wakakiita Rehovot. Leo ni mji. Katika Namibia, kusini ya Windhoek, uko mji wa Rehoboth: wamisionari Waprotestanti walianza kituo pale mwaka 1845 kati ya Wanama, Wanama hao wakaondoka mwaka 1864, na mwaka 1870 wakaja Wabaster kutoka Koloni ya Cape, wakakaa mpaka leo. Hatuwahukumu. Lakini anayesema katika Mwanzo kwamba amepewa nafasi ni yule aliyekwisha kuacha visima viwili kwa wengine.

Tena Isaka hakunyamaza. Visima alivyoviacha hakuviita Amani, aliviita kwa majina ya yale waliyomtendea. Na Abimeleki alipomjia baadaye pamoja na Ahuzati na Fikoli, mkuu wa majeshi yake, Isaka aliwauliza wazi mbona wanamjia, nao wamemchukia na kumfukuza. Alipokwisha kusema hayo akawafanyia karamu, wakala, wakanywa, asubuhi wakaapiana, wakaagana kwa amani. Siku ileile watumishi wake wakaja kumwambia kwamba wamepata maji.