Kiungo Kisicho Chetu

Msikitini na kanisani tumefundishwa jambo moja: sisi ni mwili mmoja. Hadithi ya Mtume inawafananisha waumini na mwili ambao kiungo kimoja kikiugua, vingine vyote hukesha navyo. Paulo naye aliwaandikia Wakorintho kwamba viungo vinahitajiana, hata vile vinavyodharauliwa. Kutokana na mfano huo tunapata sababu ya kusaidiana: nakuhudumia kwa kuwa wewe ni sehemu yangu. Swali langu ni kama sababu hiyo inatosha, na ningependa tulijaribu kwa kutazama figo.

Figo zote mbili za mtu mzima zina uzito wa takriban gramu 300 tu, lakini hupokea karibu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo. Kwa siku huchuja takriban lita 180 za majimaji, na karibu yote hurudishwa mwilini. Zinaweza kushindwa kazi ghafla, kwa saa au siku chache tu: mtu ameharisha mpaka akaishiwa maji, mama ametokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, malaria imekuwa kali. Mara nyingi zenyewe haziumi. Hunyamaza, na kilio kikasikika kwingine. Potasiamu ikizidi kwenye damu, mapigo ya moyo huvurugika na moyo unaweza kusimama. Maji yasiyotoka kama mkojo huingia mapafuni, mgonjwa akahema kama aliyepanda mlima. Taka zinazorundikana huufikia ubongo. Mtu huanza kuchanganyikiwa, kisha husinzia, kisha hupoteza fahamu.

Hadi hapo mfano wetu umesimama vizuri. Lakini figo iliyoumia pia humwaga kwenye damu kemikali za kutangaza hatari. Chembe za kinga zikiamshwa, husafiri hadi kwenye mapafu ambayo hayakuwa na tatizo, na huko zinaweza kuharibu mishipa midogo zikidhani zinapigana na adui. Kule kukesha kwa mwili mzima, tunakokusifu kama mshikamano, ni sehemu ya madhara yenyewe.

Madhara hayo huweza pia kuanzia mbali yakaishia kwenye figo. Mwaka 1941 daktari Eric Bywaters na mwenzake walieleza habari za wagonjwa wanne waliofukuliwa kwenye vifusi vya London, wakati mji ukipigwa mabomu na Wajerumani. Miguu au mikono yao ilikuwa imebanwa kwa saa nyingi. Baada ya kuokolewa, damu ilipita tena kwenye misuli iliyopondwa, ikabeba mabaki yake hadi kwenye figo. Figo ambazo hazikuguswa na ukuta wowote zikaacha kufanya kazi, na siku chache baadaye wagonjwa wakafa.

Kwa hiyo kuunganika ni hali tu, wala si wema. Mshipa unaopeleka chakula ndio huohuo unaopeleka sumu. Tena mfano wa mwili una upande wake wa kisu: kiungo kikioza, hukatwa ili vingine vipone. Watawala wanaujua upande huo vizuri, na sisi pia tunaujua. Tunasema samaki mmoja akioza wote wameoza, kisha tunatafuta wa kumtupa.

Ndiyo maana habari ya Willem Kolff inanisumbua. Huyu alikuwa daktari katika mji wa Kampen, Uholanzi, nchi yake ikiwa chini ya Wanazi. Alitengeneza mashine ya kusafisha damu kwa pipa la mbao lililozungushiwa mpira mwembamba wa selofani, ule uliotumika kufungia soseji. Kuanzia 1943 aliijaribu kwa wagonjwa waliokuwa wakifa, na karibu wote walifariki. Septemba 1945, vita vikiwa vimekwisha, aliletewa mwanamke wa miaka 67 ambaye figo zake zilikuwa zimeshindwa ghafla, naye hana fahamu. Alikuwa kizuizini kwa kosa la kushirikiana na Wanazi. Baada ya saa 11 kwenye mashine alizinduka. Figo zake zikarudi kazini, akaishi miaka kadhaa zaidi.

Kwa majirani zake, mama yule hakuwa kiungo cha mwili wao. Alikuwa ndicho kile kilichooza. Kama sababu ya kumtibu mtu ni kwamba yeye ni wetu, Kolff hakuwa na sababu.

Wapo waliowahi kuufuata mwili mpaka mwisho. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Seattle, Marekani, mashine zilikuwa chache, na jopo la wakazi wa kawaida likapewa kazi ya kuchagua nani asafishwe damu. Walitazama kazi ya mgonjwa, ndoa yake, hata mahudhurio yake kanisani. Sidhani walikuwa watu wabaya. Walikuwa wakiuliza ni nani mwenye manufaa kwa jamii, na hilo ni swali ambalo mwili ungeuliza kama ungekuwa na mdomo.

Mtu atanijibu kwamba mashine zikiwa chache lazima pawe na kigezo. Ni kweli, na kigezo kinaweza kuwa nani yuko hatarini zaidi, au nani ana nafasi ya kupona. Figo zilizoshindwa ghafla mara nyingi huweza kurudi kazini zikipewa siku au wiki chache za kupumzika. Kigezo hicho hakihitaji kujua mgonjwa ni wa nani.

Kiswahili kina neno linalotosha hapa, nalo ni utu. Halidai undugu, wala halidai manufaa. Linadai tu kwamba aliyelala kitandani ni mtu. Mwili mmoja unatueleza jinsi tunavyoumizana. Kwa nini tumwokoe tusiyempenda, hilo hauwezi kutueleza.